Kamera Iliyomkosea Adabu Luteni Stubblefield

Luteni Garrett Stubblefield hakuufuata mstari wa katikati wa kutua ndege. Mstari ndio ulimfuata yeye! Hivyo ndivyo alivyowaambia marubani wenzake kila mlo, baga mkononi, ndani ya manowari yao ya kubeba ndege.

Na ubao wa alama, ambako kila kutua hupakwa rangi, kijani kwa aliyelenga mstari na manjano kwa aliyeukosa, ulimwunga mkono. Jina lake lilikuwa kijani tupu, ya wenzake manjano kama ndizi zilizosahauliwa jikoni. Zilikuwa zimebaki siku mbili wafike San Diego, na tuzo ya mtuaji bora alishaitengea nafasi sebuleni kwa mama mkwe, mahali ambapo mzee yule hawezi kukwepa kuiona.

Asubuhi hiyo akatua. Kamera iliyofukiwa sitahani, kwenye mstari huohuo, humulika kila ndege inayokuja, na picha huruka kwenye runinga za meli nzima, hata kwa kinyozi. Wote wakaona: bingwa yuko kulia mwa mstari, hatua nzima! Kamanda Odile Thibodeaux, mtoa alama, akampaka manjano.

Luteni akawaka. Akasema kamera imepinda, akapeleka malalamiko hadi kwa nahodha, akataka fundi aipime mbele ya mashahidi.

Fundi Tsosie, mama asiyejua haraka ni kitu gani, akapiga magoti sitahani na vipimo vyake saa nzima.

"Ni kweli usemayo, afande," akasema. "Imepinda. Kitu kikiwa katikati, yenyewe inakionyesha kulia."

Luteni akawageukia mashahidi, kifua mbele. "Mnasikia? Mimi siongopi."

"Imepinda tangu tung'oe nanga, afande."

Kamanda Thibodeaux akaweka kikombe chake cha kahawa chini. Akaagiza kanda zote za safari zitazamwe upya.

Zikatazamwa, na mabaharia wakabanana mbele ya runinga. Kumbe wale waliopewa manjano walikuwa wakitua katikati barabara. Kumbe bingwa wetu safari nzima alitua kushoto, hatua nzima, na kamera mbovu ikawa inamsitiri!

"Hongera, bwana," Kamanda akamwambia, akiufuta ubao. "Kesi umeshinda."

Majina ya wenzake yote yakageuka kijani. La Stubblefield likawa manjano mwanzo hadi mwisho, isipokuwa doa moja la kijani: kule kutua alikokulalamikia.