Siku Wajir Ilipoletwa Karibu

Kaka yangu Nyamai, dereva wa lori la maji, alifariki Wajir Jumatatu ileile ambayo Idara ya Umbali wa Angani ilitangaza kwamba Wajir imesogezwa. Mwaka ulikuwa 1981. Waziri mmoja alikuwa ameahidi kuileta kaskazini ya nchi karibu na Nairobi, na Idara yetu, ambako nilikuwa mpiga chapa, haikupenda waziri aonekane mwongo. Jedwali la zamani lilisema Nairobi hadi Wajir kwa ndege ni saa moja na dakika hamsini. Jipya lilisema dakika arobaini na tano. Marubani waliombwa kushirikiana.

Nililichapa mwenyewe, nakala sita, kabla simu ya msiba haijaingia.

Kule Dandora, alikokaa kaka pamoja na Mama, majirani walijaa uani, mabenchi ya kanisa yameshaletwa. Mama aliniuliza jambo moja tu: "Kavutha, anakuja lini?" Nikamwendea Mkurugenzi.

"Pole sana, binti. Lakini Kanuni ya Kumi na Tisa iko wazi. Safari ikizidi saa moja, marehemu hupewa nafasi ya kwanza kwenye ndege. Isipozidi, anakuja kwa lori."

"Lori ni siku tatu, mzee. Na jua la kule unalijua."

"Siku tatu ni za zamani. Wajir imesogea."

"Na barabara imesogea?"

"Hiyo ni wizara nyingine."

Alikuwa sahihi kabisa. Barabara haikuwa yetu.

Alhamisi Mkurugenzi alikuwa anakwenda Wajir mwenyewe kuzindua kibao cha umbali mpya. Nikaichapa ratiba yake kwa kufuata jedwali, kama inavyotakiwa: kuondoka saa tatu, kupokewa saa tatu na dakika arobaini na tano. Kisha nikampigia simu Yonis, karani wetu wa kule, aliyekesha na kaka yangu hospitalini.

"Yonis, utaifuata ratiba?"

"Dada, mimi ni mtu wa serikali. Nitaifuata mpaka nukta."

Ndege ilitua saa tano kasoro dakika kumi, kama Yonis alivyonisimulia baadaye. Uwanjani alikuwepo Yonis peke yake, na daftari.

"Watu wako wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Wameshakupokea, mheshimiwa, wakatawanyika. Hotuba yako imesomwa, makofi yamepigwa. Mbuzi umeshamla."

"Nimemla mimi?"

"Sahihi ya chifu hii hapa. Kisha gari likakupeleka mjini."

"Basi liite gari lirudi."

"Lije kumchukua nani? Wewe uko mjini."

Mkurugenzi alisimama juani nusu saa nzima. Halafu akaamuru telegramu iende makao makuu: kuanzia dakika hiyo, safari ni saa moja na dakika hamsini, na yeye ndiyo kwanza amefika. Yonis akaituma, akagonga muhuri, akafungua Kanuni ya Kumi na Tisa. Ndege ilikuwa ndogo. Ili jeneza liingie, ilibidi viti vyote vya nyuma vitolewe.

"Na mimi je?"

"Kuna lori la mbuzi linaondoka saa nane, mheshimiwa. Nimekuwekea nafasi mbele, karibu na dereva."

Nyamai alitua Nairobi jioni hiyohiyo. Tulimzika kijijini kwetu Masii Jumamosi. Mkurugenzi aliingia mjini Jumapili, na kwa wiki nzima hakuna aliyependa kukaa naye kwenye mkutano.

Chumbani kwa kaka kule Dandora sasa anakaa fundi redio na mkewe. Mama analala kwangu.