Sijaridhika Bado

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimetimiza miaka sitini na moja. Salamu: moja tu, kutoka duka la magodoro la mtandaoni! Wamejuaje siku yangu? Nimefungua tovuti yao. Kitufe cha "Nakubali" kikubwa kama sahani, cha kukataa hakipo. Ahaa! Sheria inataka ridhaa yangu kabla hawajachukua taarifa zangu. Nimewashtaki kwenye ofisi ya kulinda taarifa binafsi. Mimi si wa kuchezewa.

Jumatano, 5 Machi
Afisa wa malalamiko kanipigia! Mama mmoja, sauti ya upole. Kaniuliza nimeamkaje. Tumeongea dakika kumi na moja, za magodoro zikiwa mbili tu. Kasema kanuni inawataka wampigie mlalamikaji kila wiki mpaka aseme ameridhika. Niridhike, mimi? Thubutu!

Jumanne, 11 Machi
Balaa! Duka limeweka kitufe cha kukataa. Afisa kapiga, furaha tele, akauliza kama sasa nimeridhika. Nikamwambia rangi ya kitufe hicho imefifia, hiyo ni hila. Kacheka, kaahidi kufuatilia. Fundi viatu wa hapo chini kajigamba kuwa mwanawe humpigia kila siku. Nikamjibu kuwa mimi napigiwa na serikali. Kanywea.

Jumatano, 19 Machi
Wiki imepita na siku juu. Simu kimya. Naingia nayo mpaka bafuni. Upweke unauma, nisijidanganye. Nimemwandikia mkurugenzi wake kurasa nne: ofisi inavunja kanuni zake yenyewe, afisa yule awajibishwe! Nilitaka ahimizwe tu, jamani.

Ijumaa, 21 Machi
Mkurugenzi kajibu upesi, kaomba radhi. Afisa alikuwa hospitalini akimuuguza mtoto, hakuaga kazini. Kwa malalamiko yangu, kaondolewa kwenye dawati. Kuanzia sasa nitapigiwa na mashine: bonyeza moja kama umeridhika. Nimekaa kitandani na viatu miguuni mpaka chai ikapoa. Hata jina lake sikuwahi kumuuliza.

Jumamosi, 22 Machi
Dawa imepatikana! Tovuti ya ofisi yenyewe haina kitufe cha kukataa. Nimemwandikia waziri, kurasa sita. Nadai nipewe afisa mpya, mtu wa damu na nyama, mwenye sauti nzuri, anipigie kila siku. Akichelewa hata saa moja, namshtaki naye.