Kiti cha Mama Mkwe, Safu ya Thelathini na Moja

Alhamisi, 8 Januari

Baridi ya kugandisha kope. Hata hivyo nimeamka na furaha, jambo ambalo humu ndani huwa linatia watu wasiwasi.

Sababu: mechi za mtoano za mpira wa Kimarekani zinaanza Jumamosi, na baba mkwe, mzee Norbert, ametoa tangazo. Ana nafasi mbili za kudumu uwanjani, safu ya thelathini na moja. Moja anakalia yeye. Ya pili ilikuwa ya marehemu mkewe, mama mkwe Bernadine, tangu wakiwa wachumba. Huu ni msimu wa pili iko tupu. Ni kipande cha benchi la bati chenye namba, upana wa sinia. Lakini hapa Green Bay kipande hicho hakipatikani dukani. Unarithi, au unangoja. Mimi niko kwenye orodha ya kungoja, namba 61,204. Nimepiga hesabu. Zamu yangu itafika nikiwa na miaka mia moja na arobaini.

Sasa mzee anasema atakayeongoza fantasi ya familia hadi mwisho wa robo fainali atakaa naye kwenye nusu fainali, kama itachezwa hapa, na jina lake litaandikwa kwenye karatasi za kiti. Moja kwa moja! Washindani ni watatu: mimi, mke wangu Janelle, na kaka yake, shemeji Corwin, muuza mabeseni makubwa ya kuogea maji moto, mtu anayecheka kabla hajamaliza sentensi.

Kila mmoja anachagua wachezaji wanane kutoka timu yoyote. Mchezaji wako akisogeza mpira yadi nyingi au akiuvusha mstari wa mwisho, unavuna pointi. Timu yake ikitolewa, huyo kwako ni marehemu. Orodha zinatiwa kwenye bahasha na kulazwa ndani ya friza ya mzee, chini ya soseji za kulungu, mpaka Jumatatu. Hakuna kubadilisha.

Lazima nishinde. Nimekuwa mkwe katika familia hii miaka kumi na sita na kila mechi naiangalia nikiwa kwenye kochi.

Ijumaa, 9 Januari

Nimeipata siri! Nilikuwa kazini kiwandani, nakagua karatasi za chooni kama zinakatika pale penye vitobo, ikanijia. Mji huu wote utachagua wachezaji wa kwetu, kwa mapenzi. Mapenzi si hesabu. Timu yetu imeshika nafasi ya kwanza, kwa hiyo wiki hii inapumzika na haileti pointi hata moja. Halafu mrushaji wetu, Desmarco Tull, ana bega bovu. Nani anacheza wiki hii, akiwa mzima, na ana mkimbiaji asiyekamatika?

Chicago.

Nimeandika jina hilo kwa herufi ndogo. Katika mji huu Chicago, hasimu wetu wa jadi, haitajwi watu wakiwa mezani. Nimechukua watano kutoka huko, wa kwanza Keyshon Ardrey, yule anayekimbia kama ameiba. Watatu waliobaki nimewaokota huku na huku. Nimefunga bahasha, nimeipeleka, nimeilaza chini ya soseji kwa mkono wangu. Mzee akaniuliza mbona natoka jasho mbele ya friza. Nikasema ni koti.

Jumamosi, 10 Januari

Mechi ya Chicago tumeiangalia kwa Corwin. Ukoo mzima na majirani, wote wakiomba Chicago wafungwe. Mimi nimekaa katikati yao na siri yangu.

Ardrey kavusha mara tatu! Mara tatu! Kila alipovusha, watu wakashika vichwa, mimi nikakimbilia chooni kurukaruka. Safari ya tatu Corwin akaja nyuma ya mlango, akaniuliza kama tumbo limeniharibikia, akanishauri nipunguze jibini. Nikamjibu kwa sauti ya mgonjwa. Nilikuwa nalibusu taulo.

Chicago wameshinda. Nimerudi nyumbani nikiimba. Janelle akasema hajawahi kuona mgonjwa wa tumbo mwenye raha kiasi hicho.

Jumapili, 11 Januari

Siku mbaya.

Kanisani padri aliombea bega la Tull. Watu wote wakasema amina kwa nguvu. Mimi nikakohoa. Janelle akanitazama. Tukiwa garini akanibana mpaka nikamwambia yote. Watano, Chicago, hesabu, kila kitu. Nikangoja anipongeze.

Alizima redio. Kisha akaniuliza pole pole kama si kweli kwamba Chicago sasa wanakuja kucheza na sisi, hapa, Jumapili ijayo. Nikasema ni kweli. Na kwamba wao wakishinda, sisi tumetoka. Kweli. Na kwamba tukitoka, nusu fainali hapa hakuna. Nikaanza kuona giza.

“Sasa mwenzangu,” akasema, “hicho kiti utakikalia uangalie nini? Theluji?”

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Watu wangu wakishinda, kiti hakina mechi. Wakifungwa mapema, pointi sina. Ninachohitaji ni Ardrey akimbie siku nzima, avushe kila mara, halafu wafungwe kwa pointi moja au mbili. Nani anaomba dua ya namna hiyo?

Mchana nikapata mpango. Nimechukua samaki niliowavua kwenye barafu, nikawapeleka kwa mzee, ili nipate kufungua friza nibadilishe bahasha. Mzee alifurahi mno. Akasema katakata nisijisumbue. Akafungua mwenyewe, akatoa bahasha zote tatu kupisha samaki, akazitia mfuko wa shati, akasema hizi atalala nazo. Nimerudi na soseji kilo tatu. Orodha ni ile ile.

Jumatatu, 12 Januari

Aibu! Aibu tupu!

Mzee alivaa miwani, akafungua bahasha mbele yetu. Ya Corwin: mchanganyiko wa kijanja, pointi hamsini na moja. Ya Janelle: wote wanane wa kwetu, pointi sifuri. Nikamwonea huruma. Akasema mama yake ndivyo alivyokuwa akichagua.

Kisha yangu. “Ardrey, Chicago.” Mzee akanywa maji. “Lindell, Chicago.” Alipofika wa nne akavua miwani akaifuta, kana kwamba kosa liko kwenye kioo. Wa tano hakumsoma, alimwonyesha tu kwa kidole. Halafu akanigeukia.

“Mkwe wangu, nimekukosea nini?”

Nikaeleza kuhusu hesabu. Nikasema ninaongoza, tisini na nne. Hakuna aliyepiga makofi. Corwin alikuwa ameshaanza kucheka. “Shemeji, hapo umeingia choo cha kike na mlango umejifunga!”

Jumatano, 14 Januari

Corwin kasambaza habari. Kiwandani nimekuta mashine yangu imevalishwa kitambaa chenye rangi za Chicago. Msimamizi ameniita Bwana Chicago mbele ya watu. Mwanamke wa kantini, aliyekuwa akinizidishia supu, leo amenipa maji yenye karoti moja.

Sijalalamika. Nimekula karoti.

Jumamosi, 17 Januari

Theluji imeanguka tangu jana bila kupumzika. Uwanja umeita watu kuja kuizoa, kama kila mwaka, na watu mamia wamejipanga na makoleo. Nikaenda na mimi. Mpango: kusafisha safu ya mzee peke yangu, mpaka ing’ae, asikie kwa watu, moyo ulainike.

Nilipofika safu ya thelathini na moja nikamkuta mzee yuko pale. Miaka sabini na sita, goti bovu, anakwangua kiti cha Bernadine kwa mkono wenye glavu. Cha kwake kilikuwa bado kimefunikwa. Nikachimba pembeni yake.

Tulipomaliza akakaa, akaniambia nikae. Akasema pointi ni upuuzi. Akasema aliweka mashindano kwa sababu aliona haya kumwomba mtu. Kuangalia mpira peke yako ni kazi ngumu, alisema, unashangilia halafu unageuka kuna bati tu. Akasema tangu mwanzo alikuwa anatamani niwe mimi, maana wakati wa ugonjwa ni mimi niliyekuwa nampelekea Bernadine supu ya samaki na kumsomea matokeo.

Nimelia. Naandika bila aibu. Machozi yakaniganda mashavuni.

Sharti lake lilikuwa moja. Nichane orodha, kesho nije nikae pale, nishangilie kwetu. Nikifanya hivyo, mashindano yanakwisha na kiti ni changu. Orodha alikuwa nayo mfukoni. Nikaichana vipande vipande mbele ya watu wenye makoleo. Wakapiga makofi! Mzee akanishika bega.

Kiti ni changu. Changu! Sijawahi kuwa na siku kama hii.

Jumapili, 18 Januari

Nimekwisha.

Nitaandika haraka. Nilifika mapema, nimevaa kijani na njano, rangi zetu, mpaka soksi. Nyuma yetu alikuwepo Mama Dolores Wery, aliyekaa nyuma ya Bernadine miaka thelathini. Akanifunika blanketi magotini, akanimiminia kakao, akasema Bernadine angefurahi. Mzee akawa anatabasamu peke yake. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Tull anarusha na bega lake bovu, nami namwita mwanangu. Mzee kila tukipata ananipiga kofi mgongoni. Nilikuwa mtu mwingine.

Dakika nne zimebaki. Tuko mbele kwa pointi sita. Ardrey akapewa mpira. Akamkwepa mmoja. Akamkwepa wa pili. Mbele yake hakuna mtu.

Mwili wangu ulisimama bila kuniuliza.

“Kimbia Ardrey! Kimbia baba! Kimbiaaa!”

Yadi sabini na moja. Nilimsindikiza zote kwa sauti, ngumi juu, nikihesabu pointi kwa vidole. Pointi za orodha niliyoichana mwenyewe jana! Alipovusha nikaruka. Ndipo nikagundua kwamba katika uwanja mzima kuna sauti moja tu, nayo ni yangu.

Mama Dolores akanyoosha mkono, akachukua blanketi lake lililokuwa limeanguka chini. Mzee hakunitazama. Macho yake yalikuwa uwanjani.

Nikataka kukaa.

“Usikae, mkwe wangu,” akasema.

Sehemu iliyobaki nimeisikiliza nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha soseji. Ukuta ulitikisika kwa kelele. Tumeshinda kwa pointi mbili, teke la sekunde ya mwisho. Mtu nisiyemjua alinikumbatia, akaniuliza kama nalia kwa furaha.

Jumatatu, 19 Januari

Mzee ametuma ujumbe kwamba mashindano yamerudi. Corwin mia moja na nane. Janelle, na wale wanane wake wa kwetu, mia moja na thelathini na tatu katika mechi moja. Kiti ni cha Janelle. Hajashangilia. Aliingia chumbani akakaa kitandani na skafu ya marehemu mama yake.

Mimi nimejifungia bafuni na kalamu. Orodha yangu, ingekuwa hai, ingekuwa na mia moja na sabini na moja. Chicago wamefungwa kwa pointi mbili. Ile dua isiyoombeka imejibiwa yote! Ningekaa kimya nyumbani, nisizoe theluji, nisichane chochote, ningeshinda.

Nimejumlisha mara tatu. Ni mia moja na sabini na moja.

Jumapili, 25 Januari

Nusu fainali. Mimi, kochi, soseji.

Kamera iliwaonyesha. Janelle na baba yake, safu ya thelathini na moja, chini ya blanketi la Mama Dolores. Mzee alikuwa anamwambia kitu sikioni na mke wangu anacheka huku anafuta macho. Sijamwona akicheka hivyo tangu msiba. Nimeshikwa na uchungu, kisha aibu, kisha nikamshukuru Mungu kwamba amekaa yeye.

Tumefungwa. Mji mzima kimya.

Janelle aliporudi aliniletea salamu. Mzee aliuliza kama nimekula. Akasema msimu ujao, mechi ya kwanza, Janelle atanipisha nikae naye. Sharti lake: nisichague mchezaji yeyote, wa timu yoyote, katika fantasi yoyote, maisha yangu yote. Nimepiga magoti palepale sebuleni nikaapa. Janelle akaninyanyua, akanibusu utosini, akasema mimi ni mjinga lakini ni mjinga wake. Nimeapa kwa dhati. Nitaangalia mpira kama binadamu.

Ameenda kuoga. Orodha ya mwakani nimeshaifikisha jina la sita. Kosa langu sasa nimeliona, nalo lilikuwa la hesabu tu: Chicago watano walikuwa wachache.