Programu Tatu za Kuuza Mpunga wa Miaka Iliyopita

(Hotuba ya Ndugu Melkiadi Lyamba, Mwenyekiti wa Kamati ya Ulinganishi wa Softwea za Soko la Mpunga, mbele ya ghala la umoja wa wakulima, Mwamkulu, asubuhi ya tarehe kumi Machi.)

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye ametuma mwakilishi, Ndugu Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma salamu, waheshimiwa viongozi wa ngazi zote, pamoja na wale ambao ngazi zao bado zinashughulikiwa, Katekista wetu, wadau wa maendeleo kutoka Sibwesa mpaka Kapalamsenga, mke wangu, aliyekaa mstari wa mbele kwa mujibu wa itifaki, mabibi na mabwana: Tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum, na wenye salamu nyingine wajihesabu wamesalimiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao watu wengi wamenisifia, ili niwasilishe taarifa ya kazi iliyochukua miezi minane. Julai mwaka jana, mkiwa mmetoka kuvuna, nyie wenyewe mliuliza swali moja: mpunga tuuze lini? Kiongozi wa kawaida angewajibu. Mimi niliunda kamati. (Makofi machache.)

Kamati ikabaini kwamba wenzetu duniani hawauzi kwa kukisia, wanafanya kitu kinaitwa bektesti, yaani unachukua mkakati wako wa kuuza, unaurudisha kwenye bei za miaka iliyopita, halafu unaangalia kama ungepata au ungekosa. Kwa kuwa softwea za kufanya hivyo ni nyingi, tukaazimia kulinganisha tatu, na kwa maslahi mapana ya utafiti tukawaomba mwache mpunga wote humu ghalani, ufunguo ukae kwa kamati, asiuze mtu hata gunia moja mpaka matokeo yatoke. Mkakubali. Nawapongeza kwa kukubali, na najipongeza kwa kuwaomba.

Naomba sasa niingie kwenye matokeo. Softwea ya kwanza, Mavuno Pro, ilionyesha faida ya asilimia mia tatu na kumi, baada ya sisi kuurekebisha mkakati mara arobaini na saba mpaka ukapatia bei zote za zamani bila kukosea hata mwezi mmoja. Yapo maneno kwamba mkakati wa namna hiyo haujui lolote kuhusu mwaka huu. Kamati inajibu kwamba mwaka huu haukuwa sehemu ya hadidu za rejea. Softwea ya pili, Bei Smati, ilikuwa na uwezo mkubwa zaidi, kwani ikiwa bado Oktoba ilikwishajua bei ya Desemba, kutokana na sisi kuiwekea bei ya Desemba. (Minong'ono.) Ya tatu, Soko Masta, ilitumia kumbukumbu za wakulima mia moja, na wote walionekana kufanikiwa, maana waliofilisika walikwisha kuhama na hatukuwapata. Ushuru, magunia na nauli ya lori hatukuviingiza popote, kwa sababu ya tabia yake ya kupunguza faida.

(Mama mmoja anasimama katikati ya watu. Ni Marsela, mkulima wa hapahapa Mwamkulu, mwenye magunia thelathini na moja ghalani.)

"Mheshimiwa Mwenyekiti, samahani. Hizo programu zimesema tuuze lini?"

Swali zuri sana, mama yetu, na linaonyesha uelewa. Ya kwanza imesema Agosti. Ya pili imesema Februari. Ya tatu inaendelea kutafakari. Kamati imechukua wastani, ambao ni Novemba.

"Novemba imeshapita, baba."

Ndiyo, na hapo ndipo mnaona usahihi wa bektesti.

(Watu hawacheki. Marsela anatoa daftari lenye jalada la kaki.)

"Mimi bei za hapa naandika kila mwezi, mwaka wa kumi na mbili huu. Nikipima kwa daftari, ukiuza nusu Desemba na nusu Februari, mara tisa unapata, mara tatu unakosa. Desemba nilikuja kuomba magunia yangu kumi, binti yangu Josephina aende chuo cha uuguzi. Mkaninyima. Nafasi yake wakampa mwingine. Sasa ni Machi, mpunga wa mwanzo unakaribia kuiva, bei imeanza kushuka. Lori la mnunuzi liko Mpanda mjini, linaondoka leo mchana. Mimi naomba mpunga wangu."

Mama yetu, suala la Josephina tunalifahamu, na limeingia kwenye ripoti, ukurasa wa sita, chini ya kichwa cha habari Changamoto.

(Marsela anafuta uso kwa ncha ya kitenge.)

"Yeye hasomi ripoti, Mheshimiwa. Yuko nyumbani anachambua dagaa."

Asante kwa mchango huo. Tukiendelea na takwimu... (Gabrieli, mtunza ghala, anasimama pembeni ya meza kuu akiwa na ufunguo aliokabidhiwa na kamati.) Gabrieli, kaa. (Gabrieli hakai. Anakwenda mlangoni.) Gabrieli, kuna utaratibu.

"Najua, Mwenyekiti. Nimeufuata miezi minane." (Kufuli linafunguka. Watu wanaondoka kwenye viti, mstari wa nyuma kwanza. Marsela anaingia ghalani, mtu anampigia simu mwenye lori.)

Naona wananchi wameanza utekelezaji hata kabla ya uzinduzi, jambo ambalo kamati italiandika kama mafanikio. (Magunia yanatolewa. Vumbi linafika meza kuu. Mke wa Mwenyekiti anasimama, anakwenda kutafuta magunia yake manne.) Wachache tuliobaki, naomba mniitikie: Softwea juu! (Magunia yanaendelea kupita.) Wastani kwanza! (Katekista anaitikia, kisha anaangalia chini.) Mwamkulu ya kidijitali, inawezekana! Imewezekana!

Mwisho kabisa niwashukuru waliofanikisha kazi hii, na kwa namna ya pekee dada yetu Dorice wa duka la kuchapa, pale stendi, ambaye ndani ya siku moja tu, jana, alitubunia majina ya softwea zote tatu, akazichorea nembo na kutuchapia majedwali ya faida, kazi ambayo huko Ulaya ingewachukua wahandisi miaka. Dorice, simama wakuone.

(Dorice anasimama, mikono ina wino.)

"Mwenyekiti, hizo nembo na namba mliniambia ni za kalenda."

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.