Ombi la Kutunusuru na Elimu ya Uraia

Kwa Mkurugenzi,
Mfuko wa Elimu ya Uraia kwa Vijana Wanaoishi Katika Mazingira Magumu.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti ambacho hakuna anayekihoji. Changu kinahojiwa, ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya bomba la maji la mtaani kwetu. Watu huniita Mzee Koki, kwa sababu ufunguo wa koki unakaa mfukoni mwangu tangu bomba lilipowekwa. Nimesikia redioni kwamba mnakaribisha maoni ya wananchi kabla ya kuamua kama mtaendelea kugharamia yale masomo ya vijana walioacha shule. Maoni yangu ni kwamba msigharamie. Tena fanyeni haraka, maana Jumapili tuna uchaguzi. Sababu zangu ni hizi.

1. Kuhusu mikutano. Kabla hamjatuletea yule mwalimu wenu na mabango yake, mkutano wetu wa mwaka ulikuwa mtamu kweli. Nilifungua, nikahutubia, nikajishukuru kwa niaba ya wananchi, nikafunga. Tukifika kwenye mengineyo, kila mtu alikuwa ameshabeba ndoo yake anaondoka. Siku hizi mkutano ndio kwanza unaanzia kwenye mengineyo. Vijana wenu wanataka muhtasari wa mkutano uliopita. Wanataka kujua kwa nini koki hufungwa mapema siku ninayokwenda harusini. Jamani, mtu asiende harusini?

2. Kuhusu uchaguzi. Hapa kwetu tumechaguana kwa makofi miaka yote na hakuna aliyeumia. Makamu wangu, ambaye pia ni shemeji yangu, husimama kando ya bomba asubuhi, watu wakiwa wameshapanga ndoo, akauliza kama niendelee. Watu wanapiga makofi, mimi nafungua koki, kazi imekwisha. Sasa kuna binti mmoja msusi, aliyeacha shule kwa kukosa ada, na wenzake wa hilo darasa lenu wanamwita Kifungu kwa sababu haongei bila kutaja kifungu cha sheria. Huyo alisimama akauliza kama tunaweza kujaribu kufungua maji kwanza, halafu ndiyo watu wapige makofi. Nikasema hewala, bila wasiwasi wowote. Ndugu Mkurugenzi, maji yalitoka, watu wakakinga, wakaenda zao. Alibaki shemeji anapiga makofi peke yake. Ndipo ikaamuliwa tupige kura ya siri hiyo Jumapili, na anayegombea dhidi yangu ni huyo huyo Kifungu.

3. Kuhusu heshima. Laiti vijana hawa wangekuwa watovu wa adabu, ningejua pa kuwashika. Lakini wanaamkia! Shikamoo kwanza, tena ya kuinama kidogo, ndipo swali lifuate. Kifungu alinishukuru mbele za watu kwa kuchimba mtaro wa bomba hili kwa mikono yangu, enzi ambazo wengine walisema maji hayatafika huku. Sikujua kama kuna mtu bado anakumbuka. Machozi yalinilengalenga. Kabla sijayafuta, akaomba ripoti ya mwaka. Sasa huo ni uungwana au ni uvamizi? Roho iliniuma, na mpaka leo sijui iliniuma kwa lipi.

4. Kuhusu viongozi wetu. Vijana wanaoosha magari hapo kona walikuwa hazina ya taifa. Msimu wa kampeni ukifika, ukiwapa fulana tu wanakushangilia asubuhi, na jioni wanamshangilia mpinzani wako, bila ubaguzi wowote. Juzi mgombea udiwani alikuja na fulana zake. Wakamwamkia, wakampa kiti, wakamuuliza ana mpango gani na mtaro wa maji machafu. Akasema jibu amelisahau kwenye gari, anakwenda kulichukua. Mpaka naandika hajarudi. Mkishawaelimisha hawa, viongozi watashangiliwa na nani?

5. Kuhusu nyumba yangu, na hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Darasa lenu linafanyika uani kwa jirani, na kati yetu kuna ukuta wa mabati tu, kwa hiyo mke wangu amesoma muhula mzima huku anafua. Mwezi jana akaitisha kikao cha familia, chenye ajenda. Ajenda ilikuwa kiti changu cha kuegemea, kwamba sasa kikaliwe kwa zamu. Nikadai kura, nikijua mimi ndiye baba mwenye nyumba. Nilishindwa vibaya. Kura pekee niliyoipata ni yangu mwenyewe, na mama mkwe akataka hata hiyo ihesabiwe upya. Kitinda mimba wangu naye, nikimwambia akalale, anakata rufaa kwa mama yake, na anashinda. Hivi ninavyokuandikia nimekalia ndoo, kwa sababu leo ni zamu ya mama mkwe.

Pima mwenyewe, Ndugu Mkurugenzi. Wameanza na kiti cha nyumbani, Jumapili wanataka cha bomba, na wewe chako hakiko mbali.

Sisemi fedha zenu zikae bure. Wafundisheni kufuma vitambaa. Ikibidi iwe uraia, basi wafundisheni ile nusu ya wajibu, hii ya haki mtuachie wazee tuihifadhi mahali pakavu. Au mtuandalie wenyeviti semina hotelini, tuvae vitambulisho shingoni. Hatutauliza swali hata moja, naahidi.

Nisalimie wote hapo ofisini, dereva na anayepiga deki wasisahaulike, na familia yako pia, hasa wale ambao hawajaanza kuuliza.

Ni mimi, mtumishi wako niliyechoka kuulizwa,
Mzee Koki,
Mwenyekiti (hadi Jumapili).

Nyongeza: Haya nayaandikia kwenye benchi la mapokezi hapa ofisini kwenu, kwa kalamu ya kuazima. Karani wenu amekataa kuipokea barua. Amesema malalamiko ya watu wa mitaani hayapokewi hapa, nirudi nyumbani nikasikilize redio. Nikamwambia sawa mama, samahani kwa usumbufu, nikageuka, kama nilivyogeuka kwenye kila ofisi tangu ujana wangu. Aliyekataa kugeuka ni Kifungu. Nimekuja naye kwa sababu macho yangu hayasomi tena vibao vya njiani, na tukiwa njiani aliomba kuisoma barua, nikampa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mbele ya karani hakucheka. Alimwamkia, kisha akamweleza kwamba mzee huyu ni raia, barua yake inapokewa, inagongwa muhuri, na anarudishiwa nakala, hata kama barua yenyewe inamsema yeye anayeongea. Karani amekwenda kutafuta muhuri.

Ndugu Mkurugenzi, hakuna mtu aliyewahi kunipigania namna hii, na huyu ndiye niliyekuja kuomba anyamazishwe. Naona aibu. Basi pale nilipoandika msigharamie, soma gharamieni, na nami mnitafutie nafasi darasani. Kuhusu Jumapili, nimeshajua kura yangu naipeleka kwa nani. Ila ni ya siri, sikwambii.