Mkuu Hajibu Meseji

Sabuni aliingia katika ofisi ile kwa sababu mbili za heshima kabisa: kulikuwa na feni, na kulikuwa na maji ya kunywa ya bure. Hakuwa na miadi na mtu yeyote. Jina la Sabuni alipewa na watu waliowahi kumshika mara tatu na mara zote tatu akawateleza, lakini siku hiyo alikuwa hoi. Hata shati lake jeupe, lile la kuwatapelia watu wenye elimu, lilikuwa limefifia kola.

Kwenye benchi la wageni alikaa seremala mmoja mnene, simu mkononi, hapepesi macho.

"Unamsubiri nani, kaka?" Sabuni aliuliza, huku akijimiminia glasi ya pili.

"Mkurugenzi. Leo siku ya ishirini na moja namwandikia. Anasoma, tiki zinageuka buluu, hajibu."

"Pole. Isije ikawa ni tapeli."

Seremala alimgeukia kana kwamba ametukaniwa mama. "Tapeli? Tapeli angekuwa ameshanijibu siku ile ile! Angeniita ndugu yangu, angenitumia picha ya gari. Huyu wiki tatu kimya. Huyu ni mkubwa wa kweli."

Sabuni aliiweka glasi mezani bila kuimaliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya kitu cha bure. Miaka kumi na miwili alikuwa amejichosha kwa maneno matamu, akajibu kila simu, akabembeleza mpaka koo likamkauka, na watu wakazidi kumshuku. Kumbe alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Aliomba namba ya seremala, akatoka akiwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi.

Furaha hiyo aliihitaji, maana nyumbani hakukuwa na hata kiti. Mwezi uliopita, mkewe alipokuwa kazini, Sabuni aliuza kitanda, godoro, makochi na friji ili aingie ubia na bwana mmoja aliyekuwa anajibu meseji haraka ajabu. Bwana yule aliingia mitini na mzigo wote. Mke alirudi jioni, akaita "hodi" kwa utani, na sauti yake ikamrudia kutoka kwenye kuta tupu. Hakugomba. Alichukua begi lake na kwenda kwa shangazi yake aliyemlea.

Shangazi huyo alipiga simu mara moja tu. "Nakupa wiki sita. Jumamosi ya mwisho, saa nne asubuhi, nitakuja nijionee kwa macho yangu. Nikikuta kitanda, godoro, makochi na friji, mkeo nitamshusha hapo hapo na begi lake. Nikikuta sakafu, ufute namba yangu."

Ni aibu kulisema kuhusu mtu wa aina yake, lakini Sabuni alimpenda mkewe. Alikuwa analala juu ya maboksi, na kilichomuuma zaidi ya mgongo ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia "sogea huko".

Basi akanunua laini ya pili. Akaitafutia picha ya mtu aliyevaa suti, kaonyesha mgongo, anatazama jengo. Chini yake akaandika neno moja: Mkuu. Halafu akavaa shati jeupe na kuanza kupita madukani kama msaidizi wa Mkuu. Alieleza habari za hoteli ya vyumba arobaini inayokaribia kumalizika. Mkuu alikuwa anatafuta watu wa kumletea samani, ila hafanyi kazi na mtu kabla hajaona sampuli.

"Namba yake ni hii," alimwambia muuza magodoro, jamaa mwenye mikono minene kama miguu ya watu wengine. "Mwandikie mwenyewe. Ila nakuonya, huwa hajibu."

"Hajibu kabisa?"

"Hata waziri akimwandikia, hajibu."

Muuza magodoro alishusha pumzi kwa heshima. Siku hiyo hiyo aliandika salamu ndefu iliyojaa "mheshimiwa" kila mstari. Sabuni, akiwa amejilaza juu ya maboksi yake, aliifungua, akaisoma, akaiacha. Tiki zikageuka buluu. Siku ya tatu ikaja nyingine ya kuomba radhi kwa ile ya kwanza. Siku ya tano godoro likashushwa mlangoni kwa Sabuni, maana sampuli, alieleza, zilihifadhiwa nyumbani kwa msaidizi kwa sababu za usalama.

Ajabu ya watu hawa ni kwamba kila walivyopuuzwa ndivyo walivyozidi kujituma. Seremala wa kwenye benchi, aliyepewa naye namba ya Mkuu, alileta kitanda cha kawaida. Mkuu akanyamaza. Akaleta kitanda kikubwa cha kuchonga maua. Mkuu akanyamaza. Akaongeza makochi, akaandika, "Kama nimekukosea, Mkuu, niambie tu." Sabuni aliisoma hiyo mara mbili kwa raha yake, akajinyoosha kwenye kochi jipya. Muuza friji aliposikia kuhusu makochi alileta friji yenye milango miwili. Ili wachocheane vizuri, Sabuni aliwaweka wote kwenye kundi moja la simu, na kila asubuhi wakawa wanamtakia Mkuu siku njema kwa kupokezana, watu wazima wenye ndevu na leseni za biashara.

Kilichobaki kilikuwa mapazia. Shangazi hakuyataja, lakini Sabuni alitaka mkewe akifungua mlango akute nyumba, si ghala.

Mama Mapazia alikuwa na duka dogo, cherehani mbili na miwani iliyofungwa uzi. Naye aliingizwa kwenye kundi, akamwandikia Mkuu mara nyingi kuliko wote, maana alikuwa anaandika kama anavyoshona, bila kuruka hatua: Mkuu anapenda kitambaa gani, pindo la upana gani, pete za chuma au za plastiki. Hakujibiwa hata swali moja. Mwishowe Sabuni alimpa vipimo kwa mdomo, na Jumatano ya wiki ya sita Mama Mapazia akayaleta mwenyewe.

"Yatundike tu hapa, mama," Sabuni alisema. "Nimpigie Mkuu picha aone yanavyoanguka."

Mama akapanda kwenye kigoda, akayatundika. Yakakaa. Hayakuzidi wala kupungua hata upana wa kidole, upande hadi upande, juu hadi chini. Mama alibaki juu ya kigoda, akayatazama mapazia, kisha akamtazama Sabuni.

"Hivi ni vipimo vya madirisha ya hotelini, mwanangu?"

"Vya hotelini, mama. Yote arobaini."

"Haya," alisema Mama Mapazia. Akashuka, akapita polepole chumba hadi chumba, akakigusa kitanda, akalibonyeza godoro, akafungua friji na kuifunga. Seremala na wenzake walikuwa wameingia nyumba ile mara kadhaa bila kuona kitu, kwa sababu waliangalia vitu vyao tu. Yeye alikuwa ameangalia dirisha. Aliaga kwa adabu na kuondoka.

Ijumaa asubuhi Sabuni aliamka kitandani, kwenye godoro, nyuma ya mapazia, akiwa na amani ya mtu asiyeistahili. Simu ikalia. Kwenye kundi kulikuwa na ujumbe kutoka namba ngeni iliyoongezwa na Mama Mapazia. Picha ilikuwa ile ile ya mgongo na jengo.

"Ndugu zangu, poleni kwa kunisubiri. Hii ndiyo namba yangu sasa. Ile ya zamani imeibiwa, hivyo ikiandika lolote msiisikilize. Kitanda cha maua kimenifurahisha sana. Godoro ni imara. Friji ni kama nilivyotaka. Sampuli zote zihamishiwe chumba cha maonyesho nyuma ya duka la mapazia, kesho saa tatu na nusu asubuhi. Msaidizi wangu atabeba pamoja nanyi. Mkuu."

Sabuni aliruka kutoka kitandani. Mtu aliyemtunga kwa kichwa chake mwenyewe alikuwa anampa amri.

Seremala alilia. Hakuona haya, alituma sauti yake kwenye kundi akiwa analia: "Amekitaja kitanda changu! Amesema kimemfurahisha!" Muuza magodoro akajibu kwamba yeye ataleta mkokoteni. Muuza friji alimshukuru Mungu, wazazi wake na Mkuu, kwa mpangilio huo.

Sabuni akaichukua laini ya pili, ile isiyowahi kuandika hata "sawa", akachapa: "Huyo ni mwongo! Mkuu ni mimi! Msihamishe kitu!"

"Wezi wameanza," aliandika seremala. "Mkuu alituonya."

"Mkuu wetu hana makelele hivi," akaongeza muuza magodoro. "Wewe mwizi, nikikujua utanitambua."

Sabuni alikimbia mpaka dukani. Mama Mapazia alikuwa kwenye cherehani, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Huko nyuma kulikuwa na vyumba viwili vilivyopakwa rangi mpya.

"Mama, umeniua."

"Mimi? Mkuu ndiye ameagiza."

"Mkuu hayupo, mama!"

"Sema kwa sauti. Seremala yuko huko nyuma anapima mlango, huenda hajakusikia."

Ni kweli, palisikika mtu akipiga mluzi na kuvuta futi. Sabuni akashusha sauti mpaka ikawa ya kuomba. "Vyumba hivi vya nini?"

"Nafungua nyumba ya wageni. Vyumba viwili. Si arobaini kama vyako, lakini hivi vina kuta."

"Basi chukua vyote, sikatai. Nakuomba muda kidogo tu. Hamisha saa sita mchana badala ya saa tatu na nusu. Shangazi wa mke wangu anakuja saa nne. Akikuta nyumba tupu simpati tena mke wangu. Hilo si uongo, mama, nakuapia."

Mama aliusimamisha mguu kwenye cherehani. Alimwangalia, na Sabuni akaona kwamba anaaminiwa, pengine kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

"Wiki tatu nilikuuliza mambo ya mapindo," Mama alisema. "Ulikuwa unasoma?"

"Nilikuwa nasoma."

"Ulikuwa unajisikiaje?"

Sabuni alitafuta uongo, ukakosekana. "Vizuri, mama. Nilikuwa najiona mkubwa."

"Haya. Mimi ni fundi pazia tu, sina mamlaka ya kubadili saa. Muombe Mkuu."

Akaandika. Akiwa amesimama palepale, hatua mbili kutoka kwenye cherehani, Sabuni aliandika ombi refu kuliko yote aliyowahi kuandika, lenye mke, shangazi, saa nne, tafadhali na mheshimiwa. Akatuma. Simu ikalia ndani ya mfuko wa aproni. Mama Mapazia akaitoa, akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka mwisho, midomo ikicheza. Tiki za Sabuni zikageuka buluu. Mama akairudisha simu mfukoni, akatia uzi kwenye sindano na kuendelea kushona.

Sabuni alisubiri robo saa nzima. Halafu akaenda zake.

Jumamosi waliwahi, kama wanavyowahi watu wa aina hiyo wanapoitwa kupoteza mali yao. Sabuni alijaribu kila hila ya kuchelewesha. Alificha ufunguo, muuza magodoro akaupata. Alisema mgongo unamuuma, wakamwonea huruma na kumpa upande mwepesi. Friji ikatoka, makochi yakatoka, godoro likatoka. Saa nne kasoro dakika moja kitanda cha maua kilikuwa kimekwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, Sabuni akiwa upande wa nje, na teksi ikasimama.

Shangazi akashuka, mwembamba, mkoba kwapani. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mkewe, amesuka upya nywele, begi juu ya mapaja. Alikuwa amekuja. Sabuni alimwona akikitazama kitanda, akaona uso wake ukianza kutabasamu, kwa sababu kitanda kile kilikuwa kizuri kweli.

"Kinaingia au kinatoka?" Shangazi aliuliza.

"Kinatoka, mama, tuko mbioni!" alijibu seremala kwa bashasha kutoka ndani. "Mkuu anavitaka vyote."

"Mkuu gani? Nyumba hii ina mume au ina Mkuu?"

Sabuni alifungua mdomo. Neno moja la kweli lilitosha: kwamba hakuna Mkuu, kwamba yeye ni mwongo, kwamba amefanya yote haya ili begi lile lishushwe. Mkewe alikuwa anamsubiri alitamke. Lakini pembeni yake alisimama muuza magodoro, amekunja mikono ya shati, akitabasamu kwa upendo, na mikono ile ilikuwa minene.

"Ni... agizo la kazini, Shangazi."

Shangazi alitikisa kichwa polepole. "Kama Mkuu ndiye anayeamua ulale wapi, basi akufulie na akupikie huyo huyo."

Akarudi kwenye teksi. Mkewe hakulia wala hakutukana. Aligeuza tu uso akatazama mbele, alikotazama dereva, na gari likaondoka. Sabuni alisimama ameshikilia mguu wa kitanda, na kifua kilimuuma hasa, maumivu ya kweli yasiyo na faida kwa mtu yeyote.

Simu ikalia mfukoni. Muuza magodoro, ambaye hakuona vibaya kusoma simu ya mwenzake, akainama begani kwake.

"Jumatatu saa mbili asubuhi uwe dukani," Mkuu alikuwa ameandika. "Kuna majiko ya gesi yanaletwa. Utabeba."

"Jibu, kaka!" muuza magodoro alimhimiza, akimpiga begani. "Jibu upesi, wakubwa hawapendi kusubirishwa!"

Sabuni akakitua kitanda, akajifuta jasho la vidole kwenye lile shati jeupe, na mbele ya mashahidi watatu akaandika: "Sawa, Mkuu."