Birika Ndani ya Gunia

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba imeuzwa. Imebaki kuhama tu. Watoto wako mbali, na kila mmoja amenipa ushauri kwa simu kana kwamba mimi ndiye mtoto.

Nimekaa humu tangu nilipooa. Nikisimama jikoni bado namsikia mke wangu, Mungu amrehemu, akiniuliza kisu cha mkate nimekificha wapi. Na kweli kila mara nilikuwa nimekificha.

Vyote vikipotea nitavumilia, isipokuwa birika lake. La bati, limebonyea ubavuni, kifuniko kimefungwa kwa uzi. Lilibonyea siku nilipouza kitanda chetu ili ninunue kuku wa biashara. Alilirusha, nikainama, likagonga ukuta. Jioni tuliketi sakafuni, tukanywa chai ya birika hilohilo, akacheka mpaka akapaliwa. Ubavu ule unanikumbusha yeye kuliko picha zote.

Shemeji analitaka. Huyu ni kaka wa mke wangu, anadai lilikuwa la mama yao. Kila akija hulikodolea macho. Akodoe tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata mtu wa kunihamisha. Sauti tamu kwenye simu. Ananiita mheshimiwa! Amekuja, hakuingia hata ndani, amesimama getini akataja bei ya kutupa. Anataka alipwe yote kabla. Makaratasi, anasema, ni ya watu wasioaminiana. Nimempenda papo hapo.

Shemeji akatokea bila kualikwa, kama kawaida yake. Akamuuliza ofisi yao iko wapi. Mtu wangu akasema wako mbioni kufungua. Akamuuliza kitu kikivunjika analipa nani. Akajibiwa kwamba wao hawavunji. Akamwomba namba ya lori. Mara simu ya mtu wangu ikaita, akasogea kando kuipokea, akaingia mitini.

Shemeji anasema ameniokoa. Eti watu wa aina hiyo hupakia vitu vyako, wakifika katikati ya safari wanapandisha bei, na ukikataa wanaondoka na vitanda. Mimi nasema amemtisha mfanyabiashara mpole.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji ameleta kampuni iliyomhamisha yeye. Msimamizi wao ni mama mmoja mwenye kalamu sikioni. Amepita chumba kwa chumba, amepiga picha kila mkwaruzo wa kabati. Ametoa mkataba: bei, siku, nani anabeba hasara, na kwamba malipo ya mwisho ni baada ya kushusha.

Kisha akaniuliza kama nina kitu cha thamani, maana ni afadhali nikibebe mwenyewe mkononi. Nikakaa chonjo. Mtu mwaminifu anataka kujua vitu vya thamani vya nini? Na aliyemleta ni nani? Shemeji. Nimewasoma wote wawili. Nikamjibu sina. Akaeleza pia kwamba taka za kuhama wanazitoa wao, bila malipo. Nikaitikia tu, akili yangu iko kwenye mpango.

Mpango wenyewe ni huu. Birika nimelifunga kwa magazeti, nikalitia ndani ya gunia kuukuu, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa: TAKA. Mwizi gani anaiba taka? Na kwenye boksi la soksi zilizotoboka nimeandika VITO, wahangaike nalo.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika saa ileile waliyosema, jambo lililozidi kunitia shaka. Boksi la soksi limebebwa na watu wawili, taratibu, kama wanabeba mayai. Nimecheka kimoyomoyo.

Nyumba tupu ina mwangwi. Nilisimama jikoni nikaita jina lake mara moja, nione. Likanirudia. Nilitoka upesi wasije wakaniona.

Kwenye nyumba mpya vyote vimefika. Hata glasi haikupasuka. Gunia halipo.

Nikampigia mama wa kalamu nikamwambia wameniibia. Akauliza nini. Nikasema birika. Akauliza lilikuwa wapi. Nikasema limefungwa vizuri kwa magazeti. Akauliza tena. Nikasema ndani ya gunia la taka. Halafu akaniambia kwa upole kwamba gunia la taka waliliweka pamoja na taka, kwenye pipa la mtaa, nyuma ya nyumba ya zamani.

Nilikwenda. Pipa lilikuwa tupu. Nililia palepale, na sioni aibu kuandika. Nimelinda birika dhidi ya kila mtu isipokuwa mimi.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji ameniita kwake kwa chai. Sikutaka, ila nisipokwenda angejua kuna jambo. Chai ikaletwa. Ikamiminwa kutoka kwenye birika lenye uzi kwenye kifuniko. Nikaligeuza: ubavu umebonyea.

Anasema Jumamosi alikwenda kufagia nyumba ya zamani, akaona pipani, kabla taka hazijazolewa, gunia lenye mwandiko wangu. Tangu anijue hajawahi kuniona nikitupa kitu, hivyo akalifungua. Dada yake alishamwambia, enzi za kisu cha mkate, kwamba akitaka kupata nilichoficha atafute pale ambapo mwenye akili timamu hawezi kukiweka. Tukacheka sana. Kisha wote tukaliangalia birika.

Akanirudishia. Ameomba jambo moja tu: kila Jumamosi aje anywe chai yake humo, amkumbuke dada yake na mama yao. Nimekubali. Miaka yote hii sikuwahi kuona kwamba ana macho ya mke wangu. Leo nimempenda shemeji, kwa mara ya kwanza.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho anakuja. Nimewaza. Mbona alilirudisha kirahisi vile? Ananipima. Anataka kujua linakaa kabati gani.

Nitampa chai ya chupa, nimwambie birika liko kwa fundi. Limeshafichwa. Magazeti, gunia, lakini safari hii sikuandika neno lolote juu yake. Kosa nimeshalijua. Nimeliweka nje ya geti, kando ya pipa, ambapo hata shemeji hawezi kufikiria.

Jirani mpya aliniona nikiliweka. Akanisifu kwamba nimewahi, maana gari la taka hupita kila Jumamosi alfajiri na halisubiri mtu. Nimemshukuru. Inapendeza kuishi kwenye mtaa msafi.